Samaki wa ghuba ya Luzira: shemeji analeta, mimi naogopa kuwala

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miaka miwili na nusu, na sasa nina mimba ya miezi mitano. Nilizaliwa Busia, nimeolewa hapa Luzira, Kampala, ufukweni mwa Ziwa Victoria. Mume wangu ni askari, na tunaishi na mama yake pamoja na mdogo wake wa kiume. Nyumbani kwetu ni Kiswahili tu, ndiyo maana nimekuandikia wewe.

Shemeji ni mvuvi. Hana injini. Ana mtumbwi wa kasia na nyavu mbili, anavua humu humu ghubani, kati ya Port Bell na pale maji ya mfereji wa Nakivubo yanapoingilia ziwani. Anasema pale samaki hawakosi na hahitaji pesa ya mafuta. Kila baada ya siku mbili tatu ananiletea sato watatu au wanne, siku nyingine kamongo. Hajawahi kunidai hata shilingi mia. Mwezi ukielekea mwisho, samaki hao ndio wanaotuvusha.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa nje naparua sato, jirani yangu ambaye ni mwalimu akasimama akanitazama. Akaniuliza wametoka wapi, nikamwambia. Akasema, "Dada, hao wamenenepeshwa na vyoo vya Kampala." Akanionyesha kwenye simu habari za Minamata, mji wa Japani ambako watu walikula samaki wa ghuba yao, na kina mama waliokuwa wazima wakazaa watoto waliolemaa. Shangazi, nilijikuta nimeshika tumbo kwa mkono wenye magamba.

Tangu siku hiyo nikimpasua samaki namchunguza kwanza. Juzi mmoja matumbo yake yalijaa kitu kizito cha kijani, kama kisamvu kilichotwangwa. Mwingine alipoingia kwenye mafuta ya moto alitoa harufu ya karakana. Huyo nilimtupa. Mama mkwe aliona. Alinyamaza mpaka jioni, kisha akamwambia mwanawe, nami nasikia, kwamba mkewe anatupa jasho la mdogo wake. Anasema amelea watoto sita kwa samaki wa ziwa hili na hakuna aliyedhurika. Sasa shemeji akija anaweka samaki mlangoni na kuondoka, haniiti tena.

Nataka kujua, Shangazi: samaki hawa wanalika au hawaliki? Nikiwakaanga mpaka wakauke sumu inaisha? Na kama hawafai, nitasemaje bila kuvunja nyumba?

Mwenye wasiwasi, Luzira

* * *

Marahaba, mwanangu wa Busia. Mimi nimekulia Majanji, ufukwe ule ule wa kwenu, binti wa mvuvi. Kwa hiyo nakujibu kama mtu aliyesomeshwa na samaki, na najua maana ya kumkataa samaki aliyeletwa kwa mkono wa ndugu.

Jibu la swali lako la kwanza nakupa sasa hivi, usilisubiri. Samaki wa pale mfereji unapoingilia usile, na mtoto usimpe. Lakini samaki usiache. Ukiwa na mimba ya miezi mitano, chakula cha namna hiyo kwa bei unayoiweza hukipati kwingine. Kinachotakiwa kubadilika ni mahali nyavu zinapotegwa, aina ya samaki, na namna unavyompasua.

Tuanze na maji yenyewe. Mfereji wa Nakivubo unapita katikati ya Kampala. Unapokea maji ya Kisenyi, ya Owino, ya eneo la viwanda, unashuka kupitia Bugolobi mpaka Luzira. Kila mvua inayonyesha mjini inafagia ndani yake oili ya magereji, taka za sokoni na vyoo vya shimo vilivyofurika. Zamani kabla maji hayo hayajafika ziwani yalipita kwenye kinamasi cha mafunjo, na mizizi ile ilikuwa kama chujio la chai. Mafunjo mengi yamefyekwa, watu wamepanda magimbi na miwa. Mtambo mpya wa majitaka wa Bugolobi umepunguza mzigo, namshukuru Mungu kwa hilo, ila nyumba nyingi za Kampala hazijaunganishwa na mabomba ya majitaka kabisa. Na ghuba yenu ya ndani, ile wanayoiita Murchison, imejifunga kama mfuko. Kinachoingia hakitoki haraka kwenda kwenye maji makuu. Ghuba hiyo hiyo ndiyo mtambo wa Ggaba unakovuta maji ya bomba ya mji, na kuchafuka kwake ni sababu mojawapo iliyofanya mtambo mwingine ujengwe mbali, Katosi, huko Mukono.

Shemeji yako anaposema pale samaki hawakosi, anasema kweli. Uchafu ule ni mbolea. Mwani unastawi, na sato chakula chake ni mwani, basi anakuja anapopikiwa. Hiyo ndiyo kijani uliyoiona tumboni. Sato yeyote wa ziwa anaweza kuwa nayo, hata wa visiwani, kwa hiyo kuiona peke yake si alama ya ugonjwa. Tatizo ni kwamba katika ghuba iliyorutubishwa namna ile, sehemu kubwa ya mwani huo ni wa jamii wanayoiita sayanobakteria, na baadhi yao hutengeneza sumu inayoitwa mikrosistini. Sumu hiyo hushambulia ini. Na hapa nalijibu swali lako la pili: hapana, mwanangu, kukaanga hakuiondoi. Hata kuchemsha hakuiondoi. Moto unaua vijidudu vya kipindupindu na vya taifodi, na kwa hilo samaki aive mpaka mnofu uachane na mfupa. Lakini sumu hii inavumilia moto wa jikoni, na madini kama risasi na zebaki moto hauyagusi hata kidogo.

Shirika la Afya Duniani limeweka kiasi ambacho mtu anaweza kukila kila siku bila madhara: mikrogramu 0.04 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtu mzima wa kilo 60 ni mikrogramu 2.4. Mwanao akiwa na kilo 12, kwake ni chini ya nusu mikrogramu. Samaki ni yule yule na sahani ni ile ile, ila mwili wa mtoto una nafasi ndogo mara tano. Ndiyo sababu sikubaliani na hoja ya mama mkwe wako, ingawa namheshimu. Watoto wake sita alipowalea, Kampala haikuwa kubwa hivi na mafunjo yalikuwa bado yamesimama. Ziwa alilowapikia si hili analovua mwanawe leo.

Sasa nikuambie jambo ambalo marehemu baba yangu alinionyesha kwa mkono wake, na ambalo leo lina maana kuliko siku ile. Sumu ya mwani hukaa zaidi kwenye utumbo na ini kuliko kwenye mnofu. Risasi nayo hupenda mifupa, mashavu yale mekundu anayopumulia, na ini. Kwa hiyo kisu chako ndicho kinga ya kwanza. Parua magamba kwanza, suuza, ndipo umpasue. Ingiza ncha ya kisu kwenye tundu la haja na upande nayo kuelekea kichwani, juu juu tu, ukiinua ngozi kwa ncha badala ya kuzamisha. Utumbo wa sato ni mrefu na mwembamba kama uzi wa kushonea viatu, umejikunja mara nyingi. Ukiukata hata mahali pamoja, ile kijani inamwagika juu ya mnofu na yote uliyokuwa unayakwepa umeyapaka mwenyewe. Utoe mzima kwa vidole, pamoja na ini na nyongo. Ng'oa mashavu yote mawili. Suuza tumbo kwa maji ya bomba, kisha osha kibao na kisu kwa sabuni kabla hujakatia nyanya. Usiwape kuku wala paka matumbo yale, yafukie.

Kichwa cha sato wa ghubani usikichemshie mtoto supu. Najua supu ya kichwa ndiyo tunayoamini inampa mtoto akili. Kichwa cha samaki wa maji makuu, kikitolewa mashavu, sina neno nacho.

Yule aliyenuka karakana ulifanya vizuri kumtupa, na ningetaka mama mkwe wako asikie hivyo kutoka kwangu. Harufu ya mafuta ya taa au dizeli ndani ya mnofu maana yake samaki ameishi ndani ya oili, si kwamba imemgusa tu mtumbwini. Haitoki kwa limau wala kwa tangawizi. Lakini usijenge imani kwamba asiyenuka ni safi. Mikrosistini haina harufu, risasi haina ladha. Hata zile alama tunazofundishana sokoni, macho maangavu, mashavu mekundu, mnofu unaorudi ukibonyeza, zinakuambia samaki amekufa lini. Hazikuambii aliishi wapi.

Minamata sasa. Jirani yako hakukudanganya. Ugonjwa ule uligunduliwa rasmi mwaka 1956, na chanzo kilikuwa kiwanda kilichomwaga zebaki ghubani kwa miaka mingi. Zebaki ile ilipanda kutoka kwa kiumbe mdogo kwenda kwa mkubwa, mpaka ikamfikia mtoto tumboni. Ila ghuba yenu ina ugonjwa wa namna nyingine. Mzigo wake mkubwa ni majitaka na mwani. Kuhusu zebaki, sangara wengi wa Ziwa Victoria waliopimwa wamekutwa chini ya miligramu 0.5 kwa kilo, kipimo kinachotumiwa na nchi nyingi. Kinachobaki kukumbuka ni kwamba samaki anayekula wenzake, kadiri anavyokua na kuzeeka, ndivyo anavyolimbikiza. Kwa hiyo katika ujauzito huu, sangara mkubwa wa kukatwa vipande vya kilo usimfanye chakula cha kila wiki. Chagua mdogo, lakini asiwe chini ya kipimo cha sheria. Sato, kwa kuwa anakula mwani na si wenzake, kwa upande wa zebaki ndiye mwenye heri. Lala usingizi, mwanangu. Samaki uliokwisha kuwala hawamaanishi mtoto wako ameumia. Ukienda kliniki mwambie mkunga ulichokuwa unakula, asikie kutoka kwako.

Kamongo nitakuwa mkali kidogo. Anakaa matopeni, anakula konokono na vitu vya chini, anaishi miaka mingi. Kama kuna sehemu ya ghuba inayotunza madini mazito, ni tope la chini. Kamongo wa upande wa mfereji asiingie jikoni kwako kabisa. Na kwa kuwa unaishi Buganda unajua wenyeji wana miiko yao juu ya samaki huyu kwa wanawake, basi huo ni mlango wa kukataa bila kumuudhi mtu. Kambare wa upande huo naye asiingie.

Halafu kuna siku. Maji yakigeuka kijani kama rangi iliyomwagwa, yakaganda pembeni na kunuka, siku hizo hata sato wa katikati ya ghuba mwache. Mvua kubwa ikipiga mjini, mpe ziwa siku kadhaa. Na samaki waliokufa wakielea, wasiokotwe hata wakiwa wengi na wakubwa. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 sangara wengi walielea kwenye ziwa letu, na serikali ikaeleza kuwa ni ukosefu wa hewa majini baada ya dhoruba, kwa sababu sangara anahitaji hewa nyingi kuliko sato. Lakini wewe ukiwa ufukweni huwezi kujua huyu alikosa hewa na yule alilishwa sumu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha kununua samaki wa ziwa hili kwa sababu kulikuwa na wavuvi waliovua kwa sumu ya wadudu. Tangu hapo samaki wa kusafirishwa wanafuatiliwa mpaka maabara. Wa shemeji yako anatoka mtumbwini anaingia sufuriani. Maabara yake ni wewe.

Ukienda kununua, kumbuka kwamba mwalo, pale boti zinaposhushia, si asili ya samaki. Ggaba wanashushwa samaki wengi wa kutoka visiwani, Kome na Kalangala, waliovuliwa kwenye maji mapana. Muulize mwenye meza: ametoka wapi, ameingia saa ngapi, na barafu iko wapi? Anayejua atakujibu kwa jina la kisiwa. Akishajibu, mtazame anawasuuzia wapi. Nimeona samaki mzuri wa Kalangala akisuuzwa kwa ndoo iliyochotwa pale pale chini ya ngazi za mwalo, kwenye maji ambayo mtu mwenye akili hatii mguu. Omba asisuuzwe, utamsuuza nyumbani.

Mukene, yaani dagaa, ni rafiki yako katika mimba hii. Wengi wao huvuliwa usiku kwa taa, nje kwenye maji makuu, na kwa kuwa unamla mzima na mifupa yake unapata madini ya kujenga mifupa ya mtoto. Chagua waliokaushwa juu ya chanja au nyavu, si wale wa mchangani, maana wa mchangani wengine hata muuzaji anajua ni wa chakula cha kuku. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara mbili tatu, wapike mpaka waive.

Nimesema mengi juu ya chakula, lakini kuna hatari nyingine nyumbani kwenu ambayo hukuiuliza. Kichocho cha tumbo hakiji kwa kula samaki, kinaingia kwa ngozi, pale mtu anaposimama kwenye maji ya pembeni yenye konokono. Shemeji yako anasukuma mtumbwi kila siku maji yakiwa mapajani. Anahitaji kupimwa, na dawa ipo, prazikwanteli, inapatikana vituo vya afya. Mtoto wako asiende kusuuza samaki ziwani wala kuchezea pale, hata akiwa mgongoni mwa bibi yake.

Hapo ndipo naona mlango wa kuingilia kwenye mazungumzo. Usianze na neno "uchafu". Kijana yule ukimwambia samaki wake ni wachafu umemwambia yeye ni mchafu, na mama yake atalisikia hivyo hivyo. Mwite mwenyewe, mume wako akiwepo, mpe chai, umshukuru kwa kila samaki aliyeleta. Mwambie, "Shemeji, umetulisha. Nina mtoto tumboni na mkunga hataki nile samaki wa mfereji wala kamongo. Lakini naomba pia ukapimwe kichocho, kwa sababu wewe ndiye unayesimama majini." Aone kwamba woga wako unamhusu na yeye. Na kabla ya siku hiyo nenda kliniki kweli, umuulize mkunga, usikie kwa masikio yako, ili unaposema mkunga amekataa usiwe umesema uongo.

Halafu mume wako aingize mkono mfukoni. Kijana anavua pale kwa sababu hana injini. Anaweza kuungana na mwenye boti anayetoka nje ya ghuba, wakagawana mafuta na samaki, na hiyo sehemu ya mafuta kaka yake anaweza kuibeba kwa kuanzia, kuliko kila mwezi kununua nyama ya kuziba pengo. Huko nje atapata pia sato wanaofikia sentimita 28 na sangara wa sentimita 50 ambao sheria inaruhusu, hatahangaika na askari wa ziwa kumchomea nyavu.

Mama mkwe mwache awe wa mwisho, na usimhutubie. Siku shemeji atakapoleta samaki wa kwanza wa maji makuu, mpe mama kisu. Mwambie akuonyeshe alivyokuwa akimtoa sato utumbo bila kuupasua alipokuwa analea wale sita. Nina hakika anajua. Kina mama wa umri wake wote wanajua, walifundishwa kwa sababu ya nyongo, ili mchuzi usiwe mchungu.

Shangazi